Saa Moja ya Rusumo

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia bado, lakini nimeipokea mapema ili tusipoteze muda, maana muda ndio bidhaa niliyoiuza maisha yangu yote. Watu wa Ngara mjini walidhani nauza tiketi. Tiketi ni karatasi tu. Mtu aliyekuja dirishani kwangu alitaka kujua kitu kimoja: akitoka hapa saa hii, atafika kule saa ngapi, na je, atamkuta anayemfuata?

Nyinyi leo mkitaka kujua London na Kigali ni mbali kiasi gani, mnabonyeza simu, inajibu kabla hamjamaliza kuuliza: kilomita kama elfu sita na mia sita, ndege saa nane na nusu. Sawa, simu haidanganyi. Mimi pia sikudanganya. Nilikuwa na majibu hayohayo kichwani, yote sahihi, na bado nikakaribia kumharibia binti wa watu siku yake kubwa. Hiyo nitaifikia. Kwanza niwaambie nilivyoanza, kwa sababu nilianza vibaya kuliko karani yeyote aliyewahi kushika kalamu Afrika Mashariki.

Aliyeniajiri alikuwa Mama Editha. Siku hizo hata huyo Editha hajazaliwa, lakini nitamwita hivyo kwa sababu sijui kumwita vingine. Alikuwa na kibanda cha tiketi za mabasi karibu na stendi, meza moja, benchi moja, na daftari kubwa lenye jalada jeusi. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni ya watu wazima, cheti bado kina harufu ya gundi, na nilikuwa na akili nyingi kiasi kwamba nilikuwa natembea nimeinamisha shingo kwa uzito.

Kibanda kilipoanza kukata na tiketi za ndege, tunapiga simu Mwanza wanatuandikia, mteja wa kwanza alikuwa mkulima mmoja wa Bukiriro anayekwenda Dar es Salaam kumwona mwanawe. Akaniuliza, "Karani, kutoka Mwanza hadi Dar ndege inachukua saa ngapi?"

Nikachukua rula. Nikapima kwenye ramani ya ukutani. Nikagawa kwa mwendo wa basi, maana ndio mwendo pekee niliokuwa naujua, kisha nikakata nusu kwa heshima ya ndege. Nikamwambia, "Saa sita, mzee. Beba chakula."

Yule mzee akabeba. Mihogo ya kuchemsha, ndizi za kuchoma, samaki wawili wakavu na chupa ya maziwa. Aliporudi alinifuata mpaka dirishani. "Silivesta," akasema, "nimemenya ndizi ya kwanza, naambiwa funga mkanda tunatua. Nimeshuka Dar na kapu zima kichwani kama mchuuzi!"

Mama Editha alicheka mpaka akaegemea ukuta, na ukuta wenyewe ukacheka. Alipomaliza kucheka akanifundisha, na haya ndiyo ninayotaka mshike, hata kama simu ziko mifukoni.

Ramani ya ukutani, alisema, ni dunia iliyokanyagwa na gari. Dunia yenyewe ni tufe. Akatoa tufe la plastiki lililotoboka huko chini kabisa, kwenye barafu, akachana uzi kutoka kwenye gamba la mgomba, akauzungusha kiunoni mwa dunia. "Mzunguko huu ni kilomita elfu arobaini. Ukunje uzi mara mbili, mara nne, mpaka upate vipande arobaini. Kila kipande ni kilomita elfu." Tukatia alama za wino. Kuanzia siku hiyo, mteja akitaja mji, naweka ncha moja ya uzi hapa na nyingine kule, navuta, nahesabu alama. Kisha nagawa kwa mia nane, huo ndio mwendo wa ndege kubwa kwa saa, halafu naongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Kwa njia hiyo sikuwahi kukosea zaidi ya robo saa. Marubani wenyewe wangeweza kuja kuniuliza, basi tu hawakuijua Ngara.

Uzi ule ulinisaidia hata kutuliza magomvi. Mama mmoja alikwenda kwa binti yake Kanada, akarudi amekasirika. "Yule dereva wa ndege alipotea! Badala ya kwenda moja kwa moja, katupitisha kwenye barafu huko juu. Nimeona barafu kwa macho yangu." Nikamwekea uzi kwenye tufe, nikauvuta ukakaza. Wenyewe ukapanda juu, ukapita kwenye barafu. Mama akauangalia, akauvuta na yeye, ukapanda tena. "Kumbe hakupotea," akasema. "Na mimi nimemtangaza parokia nzima."

Lakini somo kubwa la Mama Editha lilikuwa daftari jeusi. Kila aliyerudi kutoka safari alikalishwa benchini na kuulizwa: ulifunga mlango wa nyumba yako saa ngapi, na ulibisha hodi kule saa ngapi? Hayo ndiyo yaliyoandikwa. "Saa za angani ni za ndege," aliniambia. "Abiria ana saa zake. Mtu anasubiri foleni, anapekuliwa, anatafuta begi, anatapika. Wewe mwambie mtu mlango kwa mlango."

Nilimwelewa. Nilimwelewa vizuri sana kwa miaka thelathini, mpaka siku niliyotakiwa kumwelewa.

Ngara yetu mnaijua ilivyokaa. Burundi iko hapo, Rwanda iko hapo, ukipiga chafya wanakujibu kwa lugha tatu. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Kiwanja cha ndege cha Kigali kilipoanza kupendwa na wateja wetu, wengi walikuwa wanahangaika na hiyo saa. Basi mimi, msomi, nikachukua kibao, nikaandika kwa rangi nyekundu na kukipigilia ukutani: UKIFIKA RUSUMO PUNGUZA SAA MOJA. Nilikipenda kibao kile. Nilikuwa nawaambia wateja, "Mto wa Rusumo unakupa saa moja ya bure. Umechelewa Ngara? Vuka tu, utakuwa umewahi." Watu wakafurahi. Wote walikuwa wanakwenda. Aliyekuwa anarudi hakuwa na haja na mimi, alikuwa anarudi kwake.

Sasa Editha, yule binti wa mwisho wa Mama Editha, alipata mchumba, kijana wa Nyamigogo, kule Biharamulo. Baba yake Editha alikuwa ameshafariki. Alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, alimwita dada yake Verediana akamwambia, "Siku ya Editha, mkono uwe wako." Kwa wageni wa huku niseme kidogo: siku ya kumtoa binti, wakwe wamekaa nje, binti yuko ndani, na anayemshika mkono na kumleta mbele yao ni shangazi, ambaye kwa Kihangaza ni masenge. Verediana ndiye aliyemlea Editha miaka ya shule. Baadaye maisha yakampeleka London, anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee.

Likizo yake ilikuwa fupi mno. Siku ya kumtoa binti ilipangwa Jumamosi, kuanzia saa saba mchana, nyumbani kwao Bukiriro. Verediana akanipigia simu mimi. Hakumpigia mtu mwingine.

"Silivesta kaka yangu, kuna ndege mbili. Ya kwanza inanifikisha Kigali Ijumaa, ya pili Jumamosi saa moja asubuhi. Nikichukua ya Jumamosi nabaki na siku moja zaidi ya kazi, wananiruhusu bila maneno. Lakini nitawahi?"

Nikapiga hesabu palepale, sauti ya juu, ili asikie anaongea na mtu wa aina gani. "Unatua saa moja. Saa mbili uko nje na begi. Saa tano na nusu uko darajani Rusumo. Mihuri ya mpakani saa moja, inakuwa sita na nusu. Hapo mto unakupa saa yako ya bure, unarudi tano na nusu. Saa moja na nusu za barabara mpaka Bukiriro. Saa saba kamili unaingia uani! Utaoga, na ukitaka utasinzia kidogo."

"Una uhakika?"

"Dada, mimi ni Silivesta."

Akakata tiketi ya Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Wakwe wa Nyamigogo walitoka kwao alfajiri, magari mawili, wakaingia Bukiriro kabla ya wakati, wamependeza, vumbi la njiani limewafanya wote rangi moja. Kiongozi wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, Mzee Protas, mtu mrefu, mkavu, mwenye fimbo na saa ya mkononi aliyoiangalia kuliko alivyoangalia watu. Alitangaza kabisa: "Sisi saa tisa tunaondoka. Magari haya ya kukodi, na ule msitu siupiti jioni." Wazee wenzangu wanakumbuka jinsi magari yalivyokuwa yakisubiriana yaupite ule msitu wa njia ya Biharamulo kwa msafara na askari, kwa hofu ya majambazi. Njia imetulia siku nyingi, lakini Mzee Protas hakuwa ametulia.

Saa sita na nusu simu yangu ikalia. Verediana. "Kaka, nimefika darajani! Foleni ipo, lakini nimefika. Saa yangu inasema tano na nusu, kama ulivyosema!"

Nikakimbia jikoni, nikapita katikati ya masufuria, nikapiga kelele, "Mama Editha! Yuko Rusumo saa tano na nusu, sawasawa na hesabu yangu, hata dakika haikupungua!"

Mama Editha alikuwa anaonja mchuzi. Akashusha mwiko. Akaniuliza taratibu:

"Saa tano na nusu ya nani?"

Wanangu, nilitoka jasho la kumwagilia shamba la migomba ekari mbili. Pale pale nilikiona kibao changu chekundu, kila herufi. Ukienda, unapunguza. Ukirudi, unaongeza! Mto unaokupa saa unapokwenda, unaichukua yake unaporudi. Mimi nilimpa Verediana saa ambayo alitakiwa kutoa. Saa mbili nzima zilikuwa zimepotea kwenye hesabu yangu. Asingeingia saa saba. Angeingia saa tisa, hapo kama foleni ni nzuri na gari halijapata pancha. Na saa tisa Mzee Protas anainuka.

"Basi mama yake mdogo amshike mkono," akasema mmoja wa akina mama.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Editha alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka, amevalishwa tayari. Alisikia yote. Hakulia, na hiyo ndiyo iliyoniua. Alisema tu, "Baba alisema masenge. Lakini kama haiwezekani, mjomba Silivesta, usijilaumu."

Usijilaumu! Bora angenipiga na sufuria.

Mama Editha akanifuta jasho kwa ncha ya kitenge chake kama mtoto. "Umekosea," akasema. "Sasa nenda kawaambie wenyewe. Kisha uwazuie. Mdomo huo umeupata wa nini?"

Nikatoka. Msemaji wetu alikuwa ameshavuta maneno kadiri alivyoweza: amewauliza wakwe kama wamepotea njia, amewaambia hapa hakuna binti, kuna mbuzi tu. Ilipofika saa nane maneno yalikuwa yamemwishia. Nikasimama mbele ya turubai.

"Shikamooni wazee wa Nyamigogo. Kosa ni langu." Nikawaeleza yote: London, Kigali, kibao, mto. Maneno ya marehemu. Sikuficha hata nukta.

Mzee Protas akaniangalia, akaangalia saa. Kwa Kisubi, lugha ya kwao, L ya jina langu hugeuka R. "Sirivesta, pole kwa kazi. Nakupa mpaka saa tisa. Saa tisa ya hapa. Siyo ya Wanyarwanda."

"Ahsante, mzee. Basi nawaomba jambo moja. Shangazi amesafiri kutoka London usiku kucha, na nyinyi hamjui alivyosafiri. Ngojeni niwapeleke. Fungeni mikanda."

"Mikanda gani?"

"Kitenge, mtandio, tai, chochote. Ndege haipai mtu hajafunga!"

Akina mama wa Nyamigogo, Mungu awape maisha marefu, ndio walioanza. Wakafunga vitenge viunoni na kwenye mabenchi. Vijana wakafunga tai. Nikapita katikati ya mabenchi nikikagua, nikamfunga mlevi mmoja mara mbili. Kisha nikapaisha ndege. Wanangu, niliipaisha! Sijawahi kupanda ndege maishani mwangu mpaka leo, lakini siku ile nilinguruma kwa koo langu hadi kuku wa jirani wakaingia ndani.

"Tumeiacha London, saa tatu na nusu ya usiku kwa saa zao. Chini mnaona taa."

"Mimi naona migomba," akasema kijana mmoja.

"Umekaa upande mbaya! Sasa tuko juu ya Ufaransa. Sasa bahari. Asiyejua kuogelea ainue mkono." Wote wakainua. "Sawa, tutapita haraka."

"Rubani, choo kiko wapi?"

"Nyuma ya migomba, lakini subiri, kuna mawimbi ya hewa!" Nikatikisa benchi, akina mama wakapiga vigelegele. Nikaita wahudumu, wapwa zangu wakapita na urwagwa, pombe yetu ya ndizi, na soda kwa wasiokunywa. Mzee Protas alikataa bilauri ya kwanza. Ya pili aliishika tu. Tulipoingia Sahara alikuwa ameshaionja.

"Hilo jangwa lina urefu gani?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli.

Nikatoa uzi wangu mfukoni, ule wa gamba la mgomba, mpya lakini wenye alama zilezile. Nikautandaza kutoka kwenye nguzo ya turubai hadi kwenye fimbo yake. "London hapa, Kigali kwenye fimbo yako, mzee. Alama sita na nusu na kidogo. Jangwa ni kutoka hapa mpaka hapa. Saa tatu unaruka, hakuna hata mti mmoja wa mtu kujificha."

"Na huyo mama amekaa saa zote hizo? Amefungwa hivi?"

"Amefungwa hivi. Na jana mchana alikuwa kazini, anawaogesha wazee."

Mzee Protas akaupapasa mkanda aliofungwa na vijana wake. Lakini nikiwa juu ya Mto Nile saa ikafika tisa, na neno lake lilikuwa neno. Akafungua mkanda, akashika fimbo, akasimama. Kule ndani nikaona mlango wa Editha ukisogea, ukafungwa.

Ndipo mke wake Mzee Protas, mama mnene aliyefungwa kitenge cha njano kwenye benchi, akapiga ukelele: "Mzee! Unashukia wapi? Hatujatua! Kaa chini utatuangusha!"

Vijana wakadakia, "Kaa mzee! Ndege inalala upande!" Turubai zima likaegemea kushoto, na benchi mbili zikaanguka kweli. Mzee Protas akasimama hapo katikati ya watu wake wanaomlilia wasife, midomo ikamchezacheza, kisha akakaa. Akafunga mkanda mwenyewe.

"Nusu saa," akasema. "Tua haraka, Sirivesta."

Nikasema Kigali kuna ukungu. Nikazunguka mara moja. Nikazunguka mara mbili. Sauti yangu ilikuwa imebaki kama ya chura wa kiangazi. Nusu saa ikaisha, nikazunguka mara ya tatu, na Mzee Protas akaigeuza saa yake upande wa ndani wa mkono. Niliona kwa macho yangu.

Hapo gari likaingia uani, jekundu kwa vumbi. Verediana akashuka na raba za kusafiria, sweta la baridi bado kiunoni, uso una alama ya kiti. Hakuoga. Hakusalimia hata mtu. Alipita katikati ya abiria wangu wote waliofungwa vitenge, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amemshika Editha mkono, na wote wawili walikuwa wamelia, na wote wawili walikuwa wanacheka.

"Tumetua," nikasema. Hakuna aliyenisikia kwa vigelegele.

Wakati wakwe wanapanda magari, Mzee Protas alinishika bega. "Nimesafiri umbali wote huo," akasema, "na bado niko Bukiriro." Walifika kwao salama, ule msitu uko palepale na hakuna aliyewagusa.

Mama Editha hakunigombeza. Jioni ile alileta daftari jeusi, akamkalisha wifi yake, akamuuliza maswali yaleyale: ulifunga mlango saa ngapi? Saa kumi na moja jioni ya London, akasema Verediana. Hiyo ni saa moja ya jioni hapa. Akaandika kwa mkono wake: London hadi mkononi mwa Editha, saa ishirini na dakika arobaini. Kisha akanisogezea kalamu, niongeze mimi mwenyewe mstari wa chini: Rusumo, ukirudi, ongeza saa moja. Jumatatu nikapanda kwenye kiti nikauandika na kwenye kibao, kwa rangi ileile nyekundu.

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumapili, na Jumapili mchana Verediana alikuwa anarudi. Nilikuwa nimelala, sauti imekatika kabisa, simu ikalia.

"Kaka Silivesta, usijibu, najua huna sauti. Niko darajani, nimeshavuka. Mto umenirudishia saa yangu." Nikasikia upepo, na maporomoko yanavuma chini yake. "Ndege yangu bado. Nimekaa hapa kwenye jiwe. Nakata simu, nimpigie Editha. Tuna saa nzima ya kuongea."